Mwavuli wa Moshi

Mimi nina sifa moja ambayo hata niliowanyoa vibaya hawawezi kunipokonya: sisemi jambo nisilolijua. Kinyozi mwingine akishika mashine tu, mdomo unaanza kutembea peke yake. Atakupa habari za mwezini kana kwamba ametoka huko asubuhi. Mimi hapana. Mimi nimemaliza kidato cha nne, jiografia nikafaulu, na nikifungua kinywa ujue nyuma yake kuna kitu. Liweke hilo akilini. Tutalihitaji, ingawa si kwa muda mrefu.

Saluni yangu ina viti viwili. Kimoja kinazunguka, kingine kilikuwa kinazunguka. Kioo kina ufa unaopita shingoni mwa kila anayekaa, kwa hiyo nikimaliza humwambia mteja ashukuru, nimekirudisha kichwa mahali pake. Mlango unatazama dohani ya mtambo wa umeme, ule unaochoma makaa ya mawe mwisho wa mtaa wetu. Ukikaa kiti cha kwanza unaiona kwenye kioo, nyuma ya sikio lako la kushoto, kama mtu mrefu anayesubiri zamu yake kunyolewa. Wakati ule ilikuwa inatoa moshi mchana kutwa, na anga letu lilikuwa na rangi ya maji yaliyooshea vyombo.

Kiti cha pili, kile kisichozunguka, ni cha Babu. Babu mzaa baba ndiye aliyenilea, na kazi yake maisha yote ilikuwa kupuliza tarumbeta kwenye bendi. Walipiga harusini na mazishini. Anasema nyimbo zilikuwa zilezile, tofauti ilikuwa mwendo tu. Mimi ananiita Redio, kwa sababu eti sina kitufe cha kuzimia. Mimi namwita Kijana, naye anaitika.

Tarumbeta lake sasa liko kwenye sanduku chini ya kitanda. Kifua kilianza kumgomea taratibu: kwanza akashindwa noti ndefu, baadaye fupi, mwishowe hata kupanda ngazi. Daktari alisema kifua kile na hewa ile havipatani, kimoja lazima kihame. Babu akajibu kwamba yeye hahami, na kama hewa inataka kuhama, mlango uko wazi. Lakini kila Jumapili nilimwona akilitoa lile tarumbeta, akalisugua kwa kitambaa mpaka likawaka, akaliweka mdomoni, akalishikilia hapo bila kupuliza. Kisha analirudisha sandukuni polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

Mtu wa tatu katika hadithi hii ni Shangazi, binti yake wa mwisho, ambaye anafanya kazi idara ya hali ya hewa. Yeye alipandisha mashine juu ya paa letu, sanduku linalonyonya hewa kutwa na kuipitisha kwenye karatasi nyeupe ya mviringo. Jioni anakuja kubadilisha karatasi. Inapanda ikiwa nyeupe kama sahani, inashuka kama dekio. Nilikuwa nikimwambia kwamba ni yeye peke yake katika ukoo mzima aliyekwenda chuo kikuu kusomea kukusanya vumbi, kazi ambayo ufagio unaifanya bila cheti. Naye alikuwa akinijibu kwamba ufagio angalau ukiwekwa pembeni unanyamaza.

Akishabadilisha karatasi anabaki kula na sisi, na akila anaeleza. Tatizo la Shangazi ni kwamba jambo kubwa huliweka mwishoni. Tatizo langu ni kwamba mwisho wa maelezo huwa unanikuta jikoni nakwangua sufuria.

Jioni ile alituambia habari ya salfa. Makaa ya mawe yana salfa ndani yake, akasema, na yakichomwa inatoka kama hewa kali. Hewa hiyo ikipanda inakutana na unyevu, inageuka kuwa chembe za salfeti, ndogo kiasi kwamba ukizipanga kundi zima kwenye ncha ya unywele mmoja bado zitabaki nafasi za wageni. Zinaning'inia huko juu. Mwanga wa jua ukizikuta, sehemu yake inarudishwa ulikotoka. Tena mvuke unazishika chembe hizo kutengeneza mawingu, na kwa kuwa chembe ni nyingi, wingu linakuwa na matone madogo mengi badala ya makubwa machache, linakuwa jeupe zaidi, nalo linarudisha mwanga mwingi zaidi. Ukijumlisha dohani zote za dunia na meli zake zote, ule uchafu unaipunguzia dunia kiasi fulani cha joto.

"Kwa hiyo," akasema, "ni kama mwavuli."

Nikasikia mwavuli. Nikasikia pia sufuria ikiniita. Nilipokuwa mlangoni nikamsikia anasema "lakini", na mimi siku zote nimeamini neno hilo ndilo wasomi wanalotumia kukohoa kwa adabu. Nikaenda zangu.

Kesho yake saluni ilikuwa imejaa. Kiti cha kwanza alikaa Kocha, anayefundisha mpira vijana wa mtaa. Kiti cha pili Babu, nimemlaza chali, taulo la moto usoni, anakoroma vizuri. Kwenye benchi walikuwepo wateja wawili watatu, na mgeni mmoja mwenye tai na viatu vinavyong'aa, ambaye nilidhani amepotea njia ya kwenda harusini.

Kocha alikuwa amekasirika. Mtambo ulikuwa umeagizwa uoshe moshi wake, maana yake moshi upitishwe kwanza kwenye maji ya chokaa yatakayokamata ile salfa kabla haijatoka. Kazi hiyo inataka maji mengi, na bomba la maji lilikuwa lipite katikati ya uwanja wa mpira. Uwanja ungefungwa msimu mzima. Wenyeji tulikuwa tumeitwa mkutanoni Jumamosi tuseme kama tunakubali bomba lipite, na Kocha alikuwa akitafuta watu wa kukataa pamoja naye.

Hapo ndipo mdomo ulipoanza kutembea.

"Kocha, wewe unalilia uwanja?" nikasema, mashine mkononi. "Lilia ngozi yako. Ule moshi ndio mwavuli wetu. Wakiuosha, jua litatukaanga mpaka tunukie. Na hili silisemi mimi, ni sayansi ya Shangazi."

Benchi zima likacheka. Mgeni wa tai alicheka mpaka akafuta macho, akaniomba nirudie pale pa kunukia. Nikarudia, nikaongeza na mikono, nikamgeuza Kocha kwenye kiti kama kuku kwenye moto. Babu alikoroma tu. Nikamwondolea taulo, nikamnyoa, nikampeleka nyumbani, nikasahau.

Mzaha ukikupendeza mwenyewe ujue una miguu. Baada ya siku chache mama mwenye duka alinisimulia mzaha wangu mwenyewe kama habari mpya, nikacheka kwa heshima ingawa aliuharibu mwishoni. Muuza magazeti akanisimulia. Mteja akanisimulia nikiwa na wembe shingoni mwake. Mwanzoni walikuwa wanacheka. Halafu wakaanza kusimulia bila kucheka. Eti wataalamu wamesema. Eti moshi una faida, ndiyo maana huko juu wamekuwa wakiuficha ukweli. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia mtu mkubwa kidogo, maana si kila siku maneno ya kinyozi yanavaa koti.

Asubuhi ya Alhamisi nilimkuta Babu amekaa ukingoni mwa kitanda, shati limefungwa vifungo viwili, mikono imeanguka mapajani. Alikuwa anapumzika. Mtu anapumzika baada ya kubeba magunia, si baada ya vifungo viwili. Nikapiga magoti nikamalizia vilivyobaki.

"Redio, leo punguza sauti," akaniambia. "Nakisikiliza kifua."

Nikamwuliza kinasemaje. Akasema kinasema kinasubiri Jumamosi. Akanyoosha kidole chini ya kitanda, kwenye sanduku.

"Wakiuosha ule moshi nitajaribu noti moja. Moja tu. Nikishindwa, lile tarumbeta lichukue ukaweke brashi zako."

Nikacheka. Kisha nikawakumbuka wote walioniambia watakataa bomba. Mama wa duka, muuza magazeti, Kocha na timu yake, wazazi wa timu yake. Hakuna hata mmoja ambaye sikuwa nimemnyoa yeye, au mumewe, au watoto wake. Kila kichwa kilichopita mikononi mwangu kilikuwa kimetoka na nywele pungufu na mzaha mmoja zaidi.

Jioni Shangazi alipopanda kubadilisha karatasi, nikapanda naye kumshikia bisibisi. Nikamwambia kuna mteja wangu mmoja, mtu mdadisi sana, anataka kujua ile habari ya mwavuli inaishaje. Baada ya lile neno "lakini".

Akanitazama kwa mshangao. Nadhani katika miaka yake yote ya kueleza, hakuna mtu aliyewahi kumrudia kuomba kipande cha mwisho. Akaketi kwenye ukingo wa tangi la maji, akasema kwa utulivu.

Mwavuli upo, ila hauna mpini. Zile chembe hukaa hewani siku kadhaa, wiki hivi, kisha zinaanguka au mvua inazishusha. Zikishuka na mvua, mvua yenyewe inakuwa chachu. Akanionyesha bati letu lilivyoliwa kama biskuti iliyosahauliwa ndani ya chai. Na kabla hazijashuka, zinapita kwenye vifua vya watu. Kumbe dohani hiyohiyo inatoa kitu kingine, hewa ukaa, ambayo yenyewe haina haraka. Inakaa mpaka kwa wajukuu wa wajukuu. Hiyo ndiyo blanketi: inazuia joto la ardhi lisitoke. Kila siku mtambo unatupa mwavuli wa wiki moja na blanketi la karne.

"Mwavuli hauliondoi blanketi," akasema. "Unalificha tu. Ukitaka uendelee kulificha, itabidi umwage moshi kila siku bila kukoma, na kila siku awepo mtu wa kuuvuta."

Hakumtaja mtu. Chini yetu tulimsikia akikohoa.

Nikamwuliza, yaani kwa niaba ya mteja wangu, kama moshi ukioshwa joto litaongezeka. Akasema dohani moja dunia haitaihisi, ila zikioshwa zote, ndiyo, joto litaongezeka kidogo. Joto hilo tayari ni letu, lilikuwa limefunikwa tu. Kwa hiyo kuosha hakutoshi, itabidi siku moja tupunguze na kuchoma kwenyewe. Lakini mtu haachwi akose pumzi ili wengine wasiambiwe ukweli.

Kisha akakunja ile karatasi ya kijivu, akaiweka kwenye mfuko wake, akasema amesikia kuna mtu mtaani anatembeza nusu ya habari hii kwa jina lake.

"Nikimpata," akasema, "sijui nitamfundisha au nitamnyoa."

Nikamrudishia bisibisi. Nikamwambia kwa kweli watu wengine hawana haya.

Jumamosi mchana ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Babu alikaa mstari wa mbele na fimbo yake. Shangazi alikaa pembeni yake. Mimi nilitafuta nguzo nene, nikasimama nyuma yake.

Mwenyekiti wa mtaa akamkaribisha msemaji wa mtambo, na aliyesimama alikuwa yule wa tai. Viatu vilevile. Alizungumza vizuri, lazima nikiri. Alisema mtambo uko tayari kuosha moshi, hauna kinyongo, ila hautaki kuwaumiza wenyeji, kuwafukulia uwanja na kuwakosesha watoto mpira, hasa ikiwa yapo maelezo kwamba moshi huo unawasaidia. Maelezo hayo, akasema, ameyapata hapahapa mtaani, kwa watu walio karibu na wataalamu. Akatabasamu. Akasema bila moshi jua litawakaanga mpaka wanukie.

Aliusema kama nilivyousema mimi, na ule mkono nilioweka mimi akauweka. Ukumbi ukacheka, kisha vichwa vikaanza kutikisika, ndiyo, ndiyo, hivyo ndivyo tulivyosikia. Shangazi akageuza shingo taratibu, mstari kwa mstari, kama taa ya mnara. Ilipofika kwenye nguzo yangu nilikuwa nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Shangazi akasimama kujibu. Kila alichosema kilikuwa sahihi, lakini hasira ilikuwa imemrudisha ofisini, akawa anaongea kama ripoti. Niliona macho ya watu yakianza kulegea. Macho yale nayajua; ndiyo hunijia kila siku chini ya mashine. Dakika chache zaidi wangelala wote, na mtu akilala mkutanoni akiamka anakataa.

Nikatazama kisogo cha Babu, ambacho nimekichonga mimi mwenyewe miaka yote. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka kutafuta hewa. Hapo miguu ikanitoa nyuma ya nguzo, mdomo ukafuata, kwa mara ya kwanza katika mpangilio huo. Nikamwomba mwenyekiti ruhusa ya kukimbilia saluni, ambayo iko ng'ambo ya barabara, nikarudi na kopo la poda, brashi kubwa, na rundo la mashuka ya kunyolea.

Mwenyekiti akauliza kama tunanyoana. Shangazi akanitazama, akayatazama mashuka, akaelewa kabla ya wote. "Mwacheni aeleze," akasema. "Akikosea nitamrekebisha." Na akabaki amesimama kando yangu.

Nikamkalisha Kocha kwenye kiti karibu na dirisha, pale jua la mchana lilipoingia na kupiga ukuta nyuma yake. Nikachota poda kwa brashi, nikaipuliza mbele ya dirisha. Mwanga ukawa mweupe kama maziwa, na ukuta nyuma ya Kocha ukafifia kila mtu akiona. Nikasema huo ndio mwavuli, yule bwana hakudanganya, upo. Watu wakaguna kuridhika. Yule wa tai akaketi vizuri.

Kisha nikamfunga Kocha shuka shingoni. Nikasema dohani hiyohiyo iliyotoa poda imetoa na hili. Nilipoinua macho poda ilikuwa imeshaanza kutua sakafuni na ukuta unawaka tena, kwa hiyo nikapuliza nyingine, na juu ya shuka la kwanza nikaongeza la pili. Poda, shuka. Poda, shuka. Shangazi akanirekebisha hapo: mvua nayo inaisomba, akasema, si kutua tu. Nikasema ahsante Shangazi, nikanyunyiza na maji kidogo. Kocha alikuwa amebaki kichwa tu, kama kobe mnene, jasho linamtiririka na poda imemkaa kwenye nyusi. Akaanza kukohoa.

"Kocha," nikamwuliza, "mwavuli uko wapi?"

"Uko sakafuni."

"Na mashuka?"

"Yako kwangu, mbona unauliza."

"Nikupulizie poda tena upate nafuu?"

Kocha akakohoa mpaka kiti kikasogea. "Acha poda," akasema, "toa mashuka."

Ukumbi ulilipuka. Lakini Shangazi alinyoosha mkono, akasubiri kimya, akawaambia mashuka ya kweli hayatoki kirahisi namna hiyo; yaliyokwisha kuwekwa yatabaki kwa wajukuu, kilicho mkononi mwetu ni kuacha kuongeza. Na kuosha moshi kunaondoa poda, hakuondoi shuka. Hilo la pili litakuwa na mkutano wake.

Mama wa duka akasimama, akauliza swali nililokuwa naliogopa. Sasa poda ikiondoka, joto litazidi au halitazidi?

Ningeweza kusema halitazidi. Lilikuwa jibu zuri na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikamtazama Shangazi, naye akajibu kama alivyonijibu juu ya paa: ndiyo, kidogo, zikioshwa nyingi duniani.

Yule wa tai akakunja mguu mmoja juu ya mwingine.

Babu akainuka kwa fimbo. Alitaka kusema kitu, na ukumbi mzima ukamsubiri apate hewa ya kukisemea. Ilichukua muda. Hakuna aliyekohoa isipokuwa yeye.

"Joto likizidi," akasema, akapumzika, "nitahamia kivulini." Akapumzika tena. "Hewa ikinishinda, nihamie wapi?"

Akaketi. Mkono wa kwanza kuinuka kukubali bomba ulitokea chini ya mashuka, ukahangaika kutafuta njia, ukapata. Ulikuwa wa Kocha. Akasema anakubali kwa sharti moja, uwanja urudishwe na nyasi mpya. Wengine wakafuata, na yule wa tai akaandika nyasi.

Tulipokuwa tunatoka, mwenyekiti akauliza kwa sauti ni nani hasa aliyekuwa ameanzisha ule upuuzi wa kunukia. Nikasema nadhani ni mpita njia fulani, alinyolewa akaenda zake. Shangazi akanishika bega, akaniita baba, jina analoniita akinipenda sana, akasema hajawahi kujivunia mtoto wa kaka yake kama siku ile. Nilijisikia vibaya kwa kiasi cha hatua tano sita hivi, mpaka barabarani.

Bomba lilipita, uwanja ukarudi, nyasi zikaota upande mmoja kuliko mwingine. Siku hizi dohani inatoa mvuke mweupe unaoisha kabla haujafika mbali, na karatasi ya Shangazi inashuka kutoka paani ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, si ya dekio tena. Jua la mchana sasa linaingia saluni moja kwa moja na kugonga kioo. Nimelazimika kufunga turubai mlangoni, na kila anayelalamika namwonyesha Kocha.

Babu anajifunga vifungo vyote mwenyewe. Shangazi alinionya nisitegemee miujiza, kifua cha mzee hakirudi ujanani kwa sababu ya maji ya chokaa. Lakini Jumapili moja alilitoa tarumbeta, akalisugua, akaliweka mdomoni, akalishikilia. Kisha akapuliza. Noti ilitoka imepinda kama msumari uliotumika, mbwa wa jirani akaondoka uani bila kuaga. Ikafuata ya pili. Babu akalishusha, akanitazama machozi yakimlenga, akasema nitafute kopo lingine la brashi zangu.

Sasa, Jumamosi iliyopita nilikuwa na mteja mpya kiti cha kwanza, mtu aliyehamia mtaani juzi. Kiti cha pili Babu, chali, taulo la moto usoni, anakoroma vizuri. Shangazi alikuwa kwenye benchi na mkoba mapajani, anasubiri nimalize ampeleke baba yake nyumbani. Mgeni akasifu anga letu. Nikaona si haki asijue limepatikanaje.

Nikamsimulia. Poda, mashuka, Kocha, kila kitu. Na kwa kuwa alikuwa msikilizaji mzuri, nikampa na mwanzo wake. Nikamwambia mimi tangu siku ya kwanza nilisimama upande wa hewa safi. Kwamba yule mpita njia alipoleta upuuzi wake wa mwavuli, nilimkatalia palepale, mashine mkononi, nikamwambia bwana, kwenye saluni hii hatusemi jambo tusilolijua.

Shangazi akatikisa kichwa kwa fahari.

Koromo likakatika. Kutoka chini ya taulo ikatoka sauti, tena haikuwa ya Babu. Ilikuwa yangu, na madaha yangu yote, na ule mkono wangu ukainuka kutoka kwenye kiti kisichozunguka.

"Wakiuosha, jua litatukaanga mpaka tunukie. Na hili silisemi mimi, ni sayansi ya Shangazi."

Mashine ikaendelea kunguruma hewani, haigusi nywele za mtu. Kwenye kioo, juu kidogo ya ule ufa, nilimwona Shangazi akiuweka mkoba wake chini, taratibu, na kunyoosha mkono kuelekea kwenye wembe wangu.

"Kijana," nikasema, "si ulikuwa umelala."

"Taulo lilikuwa usoni, Redio," akasema Babu. "Masikio uliyaacha nje."